Bi Swichi, Utepe Mwekundu na Friza ya Ghorofa ya Pili

Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu, saa kumi na mbili jioni, msimamizi wa wahudumu wa majengo katika Kitivo cha Sayansi atakabidhi funguo zake mia moja na nane na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina lake kamili. Sisi wengine, kuanzia makamu mkuu wa chuo hadi mwanafunzi aliyeripoti jana, tunamfahamu kwa jina la Bi Swichi, na mwenyewe akiitwa kwa lile la kwenye orodha huchelewa kugeuka.

Kamati ya jarida la wafanyakazi ilimwomba mwandishi wa wasifu huu aifanye kazi hii kwa kuwa ni katibu wa kamati ya mazingira ya chuo, na kwa kuwa ofisi yake iko ghorofa ya pili, anakopita Bi Swichi kila jioni. Bi Swichi alikubali kwa sharti moja: kisa cha friza kiwemo. Alisema hataki kuandikwa kama malaika, kwa sababu watu watasoma, watacheka, halafu watajimalizia wenyewe sehemu iliyoachwa. Faili lake la utumishi lina barua moja tu ya onyo kwa miaka yote hiyo. Inahusu friza hiyo, na yeye anaona ni sehemu ya kazi yake kama zilivyo nyingine. Friza ilikuwa ya mwandishi huyu. Sharti limekubaliwa, na kisa kitakuja mahali pake.

Alianza kazi hosteli ya wasichana, zamu ya asubuhi, binti yake akiwa na miezi saba. Vifaa vyake vilikuwa ndoo, fagio na tambara la kudekia. Wiki ya kwanza aligundua kwamba bomba la bafu la tatu linavuja na kwamba kila mtu anajua. Kila aliyemuuliza alimjibu kuwa limeshasemwa. Aliweka ndoo chini ya bomba, akawa anadekia korido nzima kwa maji yale yale, na hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa wiki tatu. Wiki ya nne aliibeba ndoo ikiwa imejaa hadi ukingoni, akaenda nayo ofisi ya fundi bomba, akaitua juu ya meza katikati ya karatasi zake, akaaga kwa heshima zote na kurudi kazini. Bomba lilitengenezwa kabla ya saa sita. Fundi huyo alistaafu zamani, ila kila akitutembelea huuliza kwanza kama Bi Swichi yupo zamu ndipo aingie.

Mwaka wake wa nne alihamishiwa Kitivo cha Sayansi, jengo la ghorofa tatu na vyumba sitini na vinne, na huko ndiko alikopata jina. Jioni moja aliingia ukumbi mkubwa wa mihadhara, wenye viti mia mbili, akakuta taa zote zinawaka, feni kumi na mbili zinazunguka, na msikilizaji mmoja tu, paka, amelala kiti cha mbele. Alizima. Kesho yake akakuta hali ile ile, ila bila paka. Msimamizi wake wa wakati huo alimwambia mambo ya umeme ni ya idara ya ufundi. Aliuliza kwa adabu kama idara hiyo ina fundi wa kubonyeza. Tangu siku hiyo akajianzishia mzunguko wa saa kumi na moja jioni: mlango unafunguliwa, kichwa kinaingia, mkono unapapasa ukuta, giza, mlango unaofuata. Wanafunzi hawakuchukua hata mwezi kumpa jina.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mkutano wa kwanza wa kamati ya kubana matumizi ya umeme, miaka kumi na tisa iliyopita. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka kweli. Wajumbe kumi na mmoja walikuwa wamefunga mapazia ili picha za projekta zionekane ukutani, wamewasha taa kwa sababu mapazia yalileta giza, wamewasha kiyoyozi kwa sababu ya joto, na wamefungua dirisha moja kwa sababu kiyoyozi kilimpuliza mjumbe mwenye mafua. Bi Swichi aliingia kuchukua vikombe. Alivuta mapazia kando, akazima taa, akazima kiyoyozi, akafungua madirisha yaliyobaki, akakusanya vikombe, akatoka. Muhtasari wa mkutano huo, ambao sasa unatunzwa na mwandishi huyu, unasema kwamba utekelezaji ulianza papo hapo.

Vikombe navyo vina habari yake. Vilikuwa vya plastiki, vya kutumia mara moja na kutupa, na kila kikao kiliacha mfuko mzima wa takataka. Bi Swichi hakuandika barua wala hakuhutubia mtu. Aliviweka kabati la juu kabisa na kila alipoulizwa alisema mkono wake haufiki. Watu walianza kuja na vikombe vyao kutoka nyumbani, na leo ukienda kwenye kikao cha kitivo bila kikombe utakunywa maneno matupu.

Si kila kitu kilikwenda kwa utani. Yalipoletwa mapipa ya rangi tatu, moja la karatasi, moja la plastiki na moja la mabaki ya chakula, chuo kizima kilijipongeza na picha zikapigwa. Bi Swichi alikuwa miongoni mwa wachache waliojua kwamba mkokoteni wa jioni ni mmoja, na kwamba vilivyotenganishwa asubuhi vinamwagwa pamoja jioni. Wanafunzi walipomuuliza, aliwaambia ukweli. Hilo lilimletea maneno kutoka juu, akaitwa na kuulizwa anataka nini. Alijibu kwamba wachague kati ya pipa moja na mikokoteni mitatu, kwa sababu yeye hawezi kumfundisha mtoto wa mtu maigizo. Mikokoteni miwili ya ziada ilipatikana baada ya miezi miwili. Mabaki ya chakula sasa yanakwenda kwenye mashimo ya mboji nyuma ya karakana, na bustani ya maktaba haijaonja mbolea ya dukani tangu wakati huo.

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo hupewa dakika tano mbele ya wanafunzi wapya, kati ya hotuba ya mlezi wa wanafunzi na chai. Hatumii kipaza sauti. Huwaambia kwamba mtu akitoka chumbani ageuke aangalie: taa, feni, bomba, dirisha. Kisha huuliza wangapi wametoka hosteli asubuhi hiyo bila kugeuka, na mikono huinuka mmoja mmoja, kwa aibu. Miaka mitatu iliyopita msichana mmoja alichomoka mbio ukumbini kwenda kuangalia pasi yake, akaikuta bado inawaka juu ya kitanda cha mwenzake. Amehitimu juzi na alikuja kuaga stooni kabla ya kwenda kupiga picha.

Nyumbani nako ni yule yule. Mumewe, aliyekuwa dereva wa basi la chuo, analalamika kwamba chakula kikishapakuliwa taa ya jikoni haidumu, na kwamba amemeza samaki kwa kukisia kwa miaka thelathini. Binti yao, ambaye sasa ni muuguzi, alisoma hapa hapa. Mwaka wa kwanza alijitia hamnazo kila alipopishana na mama yake kwenye korido, hasa akiwa na wenzake. Siku hizi ndiye anayezunguka wodini saa ya kubadilishana zamu akizima taa za stoo, na wenzake wamempa jina ambalo hakuna haja ya kuliandika.

Kuzima kila kitu kwenye jengo la maabara kuna hatari yake, na Bi Swichi aliliona hilo mapema kuliko sisi wenye shahada. Zipo mashine zisizotakiwa kuzimwa hata dakika moja. Miaka kumi na sita iliyopita alipendekeza utaratibu unaotumika mpaka leo: chenye utepe mwekundu kwenye plagi hakiguswi, kisicho na utepe kinazimwa saa kumi na moja. Utepe wenyewe ulitoka kwa wifi yake, fundi cherehani. Bi Swichi alikata vipande arobaini na sita, idadi ya mashine zilizoorodheshwa, akavigawa kwa mkono wake na kila aliyepokea akatia saini. Cha ziada hakikutoka. Watu waliomba utepe wa redio, wa feni ya mezani, hata wa chaja ya simu, na wote walirudi mikono mitupu. Mwandishi huyu aliomba mara mbili kwa ajili ya birika lake la umeme la ofisini, lile la kuweka maji moto siku nzima. Alinyimwa mara zote mbili, ya pili kwa kicheko.

Sasa friza. Miaka kumi na minne iliyopita mwandishi huyu alikuwa mhadhiri msaidizi, akisomea shahada ya uzamivu. Kwenye friza ya maabara ya ghorofa ya pili alikuwa na vichupa mia nne na kumi na viwili vya sampuli za majani, kazi ya miezi minane. Ijumaa moja jioni Bi Swichi alipita, akaangalia plagi, hakuona utepe, akazima. Jumatatu asubuhi maji yalikuwa yametambaa hadi mlangoni na kila kichupa kimeharibika. Mkuu wa idara alipofika alikuta utepe mwekundu unaning'inia kwenye plagi, kama kawaida. Bi Swichi akaitwa. Alisema Ijumaa utepe haukuwepo. Akaonyeshwa. Aliinama, akaushika kwa vidole viwili, akautazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma mwandiko mbaya. Kisha alisema maneno ambayo wote tuliokuwa chumbani tuliyasikia.

"Basi macho yangu yameniangusha."

Alitia saini barua ya onyo siku hiyo hiyo na hakubishana tena. Hiyo ndiyo hadithi ya friza kama chuo kinavyoijua, na kama yeye mwenyewe alivyotaka iandikwe.

Wiki hiyo alikwenda kupima macho. Daktari wa macho alimwambia anaona vizuri kuliko wengi wa umri wake. Hakuridhika, akaenda kwa daktari mwingine, akaambiwa hivyo hivyo. Baada ya hapo alimfuata mwandishi huyu, akaomba radhi kwa mara ya tatu, na kumwambia kwamba Jumamosi hana kazi. Kwa Jumamosi saba mfululizo alikuja na kofia yake na mfuko wa kitambaa, wakazunguka pamoja kukusanya majani upya. Alikuwa mwepesi kuliko mwenye utafiti. Alijua kila mti ulipo kwenye eneo la chuo, upi unamwagiliwa na upi umesahauliwa.

Tangu mwezi huo alibadilisha mambo mawili katika kazi yake. La kwanza, kila Ijumaa, akishamaliza ghorofa ya tatu na kuanza kushuka, huacha ngazi ghorofa ya pili, hurudi maabara na kuiangalia friza kwa mara ya pili. Amefanya hivyo hata miaka hii ya mwisho, magoti yakiwa yamechoka. La pili ni daftari. Alianza kuandika kila alichokiona: chumba, kitu, hali yake, saa. Madaftari hayo huyashona mwenyewe kwa karatasi zilizochapwa upande mmoja, na mpaka leo yamefika arobaini na matatu. Alisema anaandika ili asiwe anategemea macho peke yake.

Daftari ndilo lililotuletea sifa. Miaka mitatu iliyopita chuo kilileta wataalamu wenye vifaa vya kupima umeme. Baada ya miezi minne walitangaza kwamba kiyoyozi cha chumba cha zamani cha ramani kinafanya kazi mchana na usiku, kikipoza chumba kitupu. Ramani zilikuwa zimehamishiwa maktaba miaka sita kabla. Bi Swichi aliomba ruhusa, akaenda stooni, akarudi na rundo la madaftari. Kiyoyozi hicho kilikuwa kimeandikwa mara mia mbili themanini na saba: kinawaka, hakuna mtu, kina utepe. Alikuwa amekiripoti idara ya ufundi mara tatu na kila mara akaambiwa kwamba kama kina utepe basi kina sababu. Mmoja wa wataalamu alimuuliza kwa nini hakukizima tu, maana hata mtoto angeona chumba ni kitupu. Alijibu kwamba aliwahi kuamini macho yake, na mtu mmoja akapoteza miezi minane.

Mwandishi huyu alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka mlangoni alipotoa jibu hilo. Aliinamia karatasi zake.

Kutokana na madaftari hayo kamati ya mazingira iliandika upya orodha ya mashine, ikafuta tepe kumi na tisa zisizo na mwenyewe, na kupanga upya saa za viyoyozi vya jengo zima. Matumizi ya umeme ya Kitivo cha Sayansi yamepungua kwa zaidi ya robo. Vitivo vingine vitatu vimeomba nakala ya utaratibu wake. Ripoti ya kazi hiyo ina majina ya wataalamu wanne kwenye jalada, na la kwake liko ukurasa wa shukrani, kwa herufi ndogo, mstari wa chini.

Hapa inanibidi niache kujiita mwandishi huyu, maana yanayofuata hayafai kusemwa kwa kujificha.

Utepe haukuwepo Ijumaa ile. Niliufungua mimi, saa tisa alasiri, nikaufunga kwenye plagi ya birika langu la chai. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nilipanga kukaa hadi saa moja, na nilikuwa nimechoka kukuta maji yamepoa kila baada ya mzunguko wake. Nilijiambia nitaurudisha kabla ya kutoka. Saa kumi na mbili nilipigiwa simu kutoka nyumbani, nikafunga ofisi na kuondoka. Sikugeuka kuangalia. Jumatatu nilifika mapema kuliko wote, nikaona maji sakafuni, nikakimbilia ofisini, nikaufungua utepe kwenye birika na kuurudisha kwenye friza. Niliufunga kwanza, nikafikiri baadaye. Nilipomaliza kufikiri, mkuu wa idara alikuwa ameshaingia na kuuona, nami nilikuwa nimeshanyamaza.

Dakika tano za kwanza naweza kusema ilikuwa hofu. Miaka kumi na minne siwezi kuiita hivyo. Nilimwangalia akitia saini ile barua. Nilibeba mifuko ya majani pamoja naye Jumamosi saba na kunywa maji ya chupa yake. Nikapata shahada yangu, nikapanda cheo, na kwenye tasnifu nikamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Nakala niliyompa ameiweka kabatini sebuleni, nyuma ya kioo, pembeni ya picha ya harusi ya binti yake.

Nilipokabidhiwa faili lake ili nichukue tarehe za wasifu huu, nilikuta barua ile. Inasema alipuuza utepe uliokuwa unaonekana wazi. Chini yake kuna saini yake, herufi kubwa za mtu asiye na haraka. Ni karatasi pekee mbaya ndani ya faili lote, na uongo ulio humo ni wangu. Sikuweza kuandika pongezi juu ya karatasi ile.

Jumanne iliyopita nilimfuata stooni, chini ya ngazi. Ni chumba cha hatua nne kwa tatu. Ndoo zimepangwa kwa ukubwa, fagio zinaning'inia kwa mpini, na kuna kiti kimoja. Alinipa kiti, yeye akageuza ndoo na kuikalia. Alidhani nimekwenda kuulizia tarehe. Nilimweleza yote, tangu utepe hadi faili, nikiwa nimetazama miguu yangu. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Na hiyo chai uliinywa?"

Nilimwambia hapana, niliondoka kabla. Akataka kuhakikisha kama amenielewa: kwa hiyo birika liliwaka tangu Ijumaa mpaka Jumatatu, halina mnywaji? Nikasema ndiyo. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, na nakiri kwamba kwa dakika hiyo nilidhani birika limemuuma kuliko barua. Halafu alijipangusa macho kwa kiganja, moja baada ya jingine, polepole, na maneno aliyosema hakuyasema kwangu.

"Kumbe macho yangu hayakuniangusha."

Nililia. Yeye hakulia. Alisimama, akairudisha ndoo mahali pake kwenye mstari, akachukua funguo zake kwa kuwa saa kumi na moja ilikuwa imekaribia.

Niliomba msamaha. Alijibu kwamba hayo ni mambo binafsi na yeye yuko kazini hadi tarehe 30. Nimfuate nyumbani tarehe moja, nije na mke wangu, na nisije na zawadi iliyofungwa kwa plastiki. Kuhusu wasifu, alisema sharti lake liko pale pale: friza iwemo, ila sasa iwemo yote. Kamati ya jarida ilisita, ikaona wasifu wa kumuaga mtu si mahali pake. Bi Swichi aliwapigia simu mwenyewe na mazungumzo yalikuwa mafupi.

Jumatano nilipeleka barua yangu kwa mkuu wa idara na ofisi ya utumishi. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili lake na mahali pake imewekwa nakala ya maungamo yangu. Yanayonihusu mimi yatajadiliwa kwenye kikao cha mwezi ujao. Nitakayoambiwa nitayapokea. Birika nimeshaliondoa ofisini, ingawa najua hilo ni dogo na limechelewa.

Kuanzia tarehe moja mzunguko wa jioni hautakuwa wa mtu mmoja. Tumemtafuta wa kuchukua nafasi yake, hatukumpata, na tumeona pengine hatukupaswa kumtegemea mtu mmoja tangu mwanzo. Kila ghorofa itakuwa na wawili wawili kwa zamu, mfanyakazi na mwanafunzi, na daftari moja. Daftari la arobaini na nne limeshashonwa, liko tupu, limewekwa juu ya meza ya mapokezi. Mimi nimepangiwa ghorofa ya pili kwa mwezi wa kwanza.

Ijumaa iliyopita nilikaa ofisini mlango ukiwa wazi. Saa kumi na moja na dakika ishirini alifika ghorofani kwetu. Alizima taa za korido, akasukuma mlango wa maabara, akaiangalia friza, akaandika. Nilimsikia akipanda ghorofa ya tatu, milango ikifunguliwa na kufungwa, halafu nikamsikia akishuka. Kwa miaka kumi na minne, hapa ndipo hatua zake zilipoacha ngazi na kurudi upande wa maabara. Nilisubiri. Hatua zilifika ghorofa ya pili, hazikusimama, zikaendelea kushuka mpaka chini.

Bi Swichi, chuo kinakushukuru kwa maji uliyoyaokoa kwenye ndoo, kwa mapipa uliyoyapa maana, kwa madaftari arobaini na matatu, na kwa kila mwanafunzi aliyegeuka kuangalia. Mumeo tunamtakia subira, na siku mojamoja taa ya jikoni. Wewe tunakutakia afya, magoti yasiyouma, na jioni nyingi za kukaa tu, bila mlango hata mmoja wa kufungua. Uliona sawasawa.

Nenda salama. Taa tutazima sisi.